Komeo la Fundi Mbaruku

"Mlango wa mkopo, komeo li nje."

Nimemsikia, msidhani masikio yangu yamekufa. Simu ya Zamda imejifunga tangu asubuhi, haipigi wala haipokei, inaonyesha maandishi tu kwamba kalipe kwanza awamu ya mwezi. Jirani yetu Bi Mashavu amepita hapa uani, ameiona, amecheka, ametupa methali yake na kwenda zake. Sasa mmenizunguka jikoni, ungo wangu wa mchele karibu muumwage, mnauliza mlango gani na komeo gani. Bi Mashavu hodari wa kutupa maneno, kuyaokota ananiachia mimi.

Haya, kaeni. Kila mmoja ajivutie mchele kidogo achague mawe, maana hadithi ya bure siitoi. Na wewe Zamda, futa machozi. Hukuanza wewe, na wala si mimi niliyeyaona haya kwa macho. Nimeelezwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye wakati huo alikuwa kigoli katika mji huu huu wetu wa Kitongani. Neno hilo lilianza hivi.

Zamani hizo nyumba za hapa zilikuwa za udongo na makuti, na mlango wa nyumba ulikuwa kuti lililosukwa. Usiku unaliegemeza, unalifunga kwa kamba ya kumbi, unamwomba Mungu. Mlango wa mbao walikuwa nao wenye uwezo, na wenye uwezo walihesabika kwa vidole. Sasa huko vichakani kulikuwa na fisi. Siwaambii fisi wa hadithi, yule mjinga anayedanganywa na sungura. Nawaambia fisi mwenyewe, mwenye meno. Kuti analisukuma kwa pua tu. Alichukua mbuzi, alichukua kuku, na mwaka mmoja alichukua mtoto mchanga ubavuni mwa mama yake, na mama akazinduka asubuhi mkono wake umekumbatia mkeka. Tangu siku hiyo wanawake wenye watoto hawakulala, walisinzia tu.

Katika mji huo alikuwapo seremala mmoja, Fundi Mbaruku. Mtu mnene, mwenye ndevu nyeupe na sauti nzito. Akibisha hodi mtaa huu, mtaa wa pili wanaitika. Milango aliyoitengeneza ilikuwa ya mvule mtupu, minene, hata ungeipiga teke ungeumia wewe. Lakini milango ikajaa karakanani kwake na wanunuzi hakuna. Watu walikuja, wakaipapasa, wakauliza bei, wakasema "Inshallah," wakaondoka.

Fundi akakaa, akafikiri, akapata shauri. Akatangaza gulioni kwamba anayetaka mlango aje auchukue sasa hivi, leo hii, bila kutoa kitu. Atalipa pishi moja ya mpunga kila siku ya gulio, mpaka bei itimie. Jamani, watu walishangilia! Ila palikuwa na sharti. Mlango wa namna hiyo Fundi aliupachika na komeo upande wa nje. Ndani ufunge kwa kamba, au uegemeze kinu, shauri yako. Ukikosa kulipa magulio mawili, anakuja, anabisha hodi, mnatoka na mikeka yenu, anakomea na kutia kufuli lake, na nyumba haifunguki mpaka aone mpunga. Ukimaliza kulipa pishi ya mwisho, anakuja mwenyewe na nyundo, anang'oa komeo nje na kulipigilia ndani. Siku hiyo mke anapiga vigelegele, majirani wanakunywa kahawa na kula halua, na watu wanasema fulani kahamisha komeo.

Msije mkadhani Fundi Mbaruku alikuwa mtu mbaya. Mnapenda sana hadithi ziwe na mtu mbaya ili nyinyi mwe wazuri. Alikuwa mtu wa kazi na mali yake aliitaka, basi. Na milango ile iliwafaa watu. Mwaka wa kwanza tu nyumba chungu nzima zilipata milango, wajane wakalala, mbuzi wakaongezeka. Bibi yangu alikuwa akisema, usimtukane aliyekuletea usingizi.

Sasa, kulikuwa na mtu na mkewe, Sufiani na Mwantumu, na binti yao mmoja, Kidawa. Kidawa alikuwa mdogo, hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Mwantumu aliwahi kuzika wawili kabla yake, kwa hiyo huyu alimlinda kwa roho yake yote. Kila usiku alikaa ameegemea kuti la mlangoni na mchi mkononi, na mchana analima huku anasinzia. Akakonda. Akamwambia mumewe, "Baba Kidawa, mimi sitaki kanga wala bangili. Nataka mlango."

Sufiani akaenda karakanani. Alikuwa mtu mzuri Sufiani, mcheshi, mwepesi wa kucheka, ila kitu kikimpendeza macho, masikio yake huziba. Fundi alisimama mbele yake akamweleza masharti yote, neno kwa neno, na Sufiani alikuwa akiupapasa ule mlango.

"Sufiani, umenisikia?" Fundi akauliza.

"Nimekusikia, Fundi."

"Nimesema nini?"

"Umesema pishi moja."

Fundi akacheka, na Sufiani akacheka, wakasaidiana kuubeba.

Usiku ule Mwantumu alilala mpaka jua likampiga usoni. Alipotoka nje alikuta mikwaruzo ya kucha chini ya mlango. Fisi alikuja, alijaribu, alishindwa akaenda zake. Mwantumu akakaa kizingitini akalia kwa furaha. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila siku ya gulio alipima pishi yake, akaipeleka mwenyewe kwa Fundi, na akampa na asante juu yake.

Balaa lilianza kwa sababu kulipa kulikuwa rahisi. Ndiyo, rahisi! Pishi moja haikuonekana ghalani. Sufiani akaona, kumbe hivi ndivyo mambo yalivyo? Akaenda tena kwa Fundi akachukua kitanda cha kamba chenye miguu ya kuchonga, pishi moja kila gulio. Kisha akachukua kasha la nguo lenye misumari ya shaba, pishi moja kila gulio. Nguo zenyewe za kutia humo hawakuwa nazo.

"Baba Kidawa," Mwantumu akamwuliza, "pishi moja moja hizi, ukizijumlisha?"

"Mke wangu, kwani tunazilipa kwa mara moja?"

"Tunazilipa siku moja."

"Wewe nawe! Mwanamke gani anakasirika kwa kununuliwa kitanda?"

Mwantumu akarudi kwenye kinu chake. Na nitawaambia kweli, kitanda alikipenda. Alikipaka mafuta ya nazi miguu yake ikang'aa. Nani asiyependa kitu kizuri? Tusidanganyane hapa.

Mwaka uliofuata mvua zilikuja kidogo zikakata. Mpunga uliosimama ukavamiwa na ndege, wale wadogo wadogo wanaotua kwa maelfu. Ukiwaacha asubuhi moja tu, jioni unakuta mabua. Ghala likawa na sakafu nyingi kuliko mpunga. Gulio la kwanza Mwantumu akapeleka pishi mbili badala ya tatu, la pili akapeleka nusu, la tatu hakupeleka. Sufiani akaona aibu, akafunga kitambaa chake, akaenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Akasema atarudi na fedha. Kuondoka kwake ndiyo ikawa kuondoka, habari hazikuja.

Mwantumu akabaki na Kidawa, na mlango, na kitanda, na kasha tupu.

Mkiwa na deni mtaijua hali aliyokuwa nayo. Kila ikisikika sauti ya mwanamume barabarani, unaacha kazi unasikiliza. Aliota Fundi anabisha hodi, akiamka anasikiliza, kumbe jogoo. Alichoogopa kuliko vyote ni kulala nje ya nyumba ile na Kidawa, kwenye baraza ya mtu, fisi wakiwa wanazunguka. Aliwaona waliokomewa walivyohangaika. Akawa anasema peke yake, "Asije. Leo asije. Nikivuna tu nitampa."

Fundi akaja. "Hodi! Hodi hapa!" Mwantumu alikuwa ndani. Akamkamata Kidawa, wakaingia mvunguni mwa kitanda, akamziba mdomo kwa kiganja. "Hodi wenyewe!" Kimya. Fundi akasimama, akaguna, akaondoka.

Kwa nini aliondoka? Kwa sababu mpaka hapo Fundi hakuwa akikomea nyumba asipoonana na mtu. Aliogopa kumfungia mtu ndani, na kuchungulia nyumba ya watu asipokaribishwa haikuwa adabu. Huenda mwanamke yumo hajajisitiri. Mwanamume mtu mzima anabisha mara tatu, asipoitikwa anarudi. Na wadaiwa wa Kitongani, werevu wa kuzaliwa, walikwisha kuijua desturi hiyo, wakaigeuza kichaka cha kujifichia. Fundi akipita mtaani, mtaa mzima bubu. Hata kuku walionekana kama wameambiwa wanyamaze.

Mwantumu akajifunza. Na alivyokuwa hawezi kukaa nyumbani mchana kutwa, akamfunza na mtoto.

"Kidawa, ukisikia sauti ya Fundi ufanye nini?"

"Naingia mvunguni."

"Halafu?"

"Nanyamaza."

"Akiita jina lako?"

"Nanyamaza."

"Akikwambia anakupa tende?"

Hapo mtoto alifikiri kidogo. "Nanyamaza," akasema.

"Mwanangu ana akili," Mwantumu akasema, akambusu.

Fundi akachoka. Nani asingechoka? Siku ya gulio akapanda juu ya gogo, akanguruma mbele ya watu wote: "Jamani, nimekuwa mchezo wenu! Kuanzia leo, nikibisha hodi mara tatu pasiwe na jibu, nitajua nyumba haina mtu. Nitakomea papo hapo na kutia kufuli. Asiseme mtu hakuambiwa!" Kesho yake akaanza na mtaa wa gulioni, mnajua ilikuwaje? Kila nyumba, "Tupo, Fundi! Tupo, karibu!" Watu walikuwa wanaitika hata kabla hajabisha.

Kila mtu alisikia tangazo lile isipokuwa Mwantumu. Alikuwa haendi tena gulioni. Aone vipi uso wa Fundi, na kapu lake tupu? Kisimani alikwenda wakati wengine wamekwisha kuondoka, na jirani yake mwenye ukuta mmoja naye, Bi Mgeni, alimkwepa pia, kwa kuwa Bi Mgeni alikwisha kuhamisha komeo na Mwantumu aliona haya. Angalisogea tu uani kwa mwenziwe wakasuka ukili pamoja, angaliambiwa. Aibu ya deni inakutenga na watu, na habari ziko kwa watu.

Basi ikafika asubuhi moja ya kaskazi, upepo mkavu, vumbi linapaa. Mpunga mdogo uliobaki bondeni ulikuwa unakaribia kukomaa, na ule ndio ungelipa kila kitu. Kidawa akaamka na homa. Mwantumu akampapasa paji la uso, akatazama nje, akasikia ndege wanapita juu kuelekea bondeni. Akasimama hapo kati ya kitanda na mlango, hajui aende au abaki. Akibaki, ndege watamaliza mpunga. Akienda, mtoto mgonjwa. Angemwomba Bi Mgeni amtazamie, lakini aanzie wapi kuzungumza na mtu aliyemkwepa miezi mizima?

Akampa uji, akamfunika kanga. "Nakwenda kuamia ndege, nitarudi jua likiwa utosini. Usitoke. Na akija Fundi?"

"Nanyamaza," Kidawa akasema, macho yamefumba.

Mwantumu akauvuta mlango nyuma yake, akaenda mbio.

Huko bondeni alipanda dungu, akavuta kamba za makopo, akapiga kelele, lakini moyo wake ulikuwa nyumbani. Kila mara aligeuka kutazama mjini. Jua lilikuwa halijapanda sana alipoona moshi. Mwanzo akadhani ni mtu anachoma majani ya shamba, na kweli ndivyo ulivyoanza, mtu upande wa juu alichoma magugu yake siku ya upepo, mjinga wa watu. Kisha moshi ukawa mweusi. Moshi mweusi ni wa makuti.

Aliruka kutoka dunguni bila kushika ngazi. Akakimbia, mguu umeteguka na hajui. Njiani, pale panapopandwa kilima, akamwona mtu mnene anashuka polepole, nyundo begani. Alikuwa Fundi Mbaruku, anakwenda vijiji vya ng'ambo kudai wengine, na moshi ulikuwa nyuma yake hajauona.

Siku nyingine Mwantumu angejitupa vichakani asionane naye. Siku hiyo alimkamata kanzu.

"Fundi! Umepita kwangu?"

Fundi alishtuka. "Nimepita, Mwantumu, na wewe ni mtu wa kutafutwa kama..."

"Umefanya nini?"

"Nimebisha hodi. Mara tatu, nne. Kimya. Nimekomea, nimetia kufuli. Si nilitangaza?"

"Ulitangaza nini?"

"Gulioni, mama, mbele ya watu wote. Kwamba pasipoitika mtu nitakomea."

Mwantumu akamvuta kwa ile kanzu. "Mwanangu yumo ndani!"

"Hayumo. Nilibisha kwa nguvu, mtoto angeitika."

"Nilimfundisha asikuitikie! Nilimfundisha mimi! Fundi, mji unaungua, geuka utazame!"

Fundi aligeuka. Aliutazama moshi, akaushika ufunguo uliokuwa unaning'inia shingoni mwake kwa ugwe, na uso wake ukawa wa majivu. Akatupa nyundo na mfuko, akaanza kukimbia kupanda kilima, mtu mzima yule na tumbo lake, na Mwantumu mbele yake anachechemea na kupiga mayowe.

Walipofika, moto ulikuwa umekula nyumba za juu na sasa uko paani kwa Bi Mgeni. Wanaume walikuwa wanavuta makuti kwa upembo, wanawake wanapokezana mitungi. Nyumba ya Mwantumu ilikuwa imeshika moto upande mmoja wa paa na hakuna aliyeishughulikia. Na kwa nini waishughulikie? Kufuli la Fundi lilikuwa mlangoni. Kila mtu wa Kitongani alijua nyumba yenye kufuli la Fundi haina mtu. Walikuwa wanaokoa nyumba zenye watu.

"Kidawa yumo!" Mwantumu akalia. "Yumo ndani!"

Watu wakasimama, mitungi mikononi. Bi Mgeni akatupa wake. "Nimeita hapo mwanzo, Mwantumu! Nilipoona kufuli niliita, hakuna aliyejibu!"

Fundi akaingiza ufunguo. Ufunguo ukamponyoka, ukaanguka mchangani, akaupapasa, akauona, akaingiza tena. Kufuli lilikuwa la moto, likamchuna ngozi ya vidole, hakuachia. Akavuta komeo, akausukuma mlango wake wa mvule. Moshi ukatoka kama umesukumwa na mtu. Ndani hapaonekani kitu.

"Kidawa!" Fundi akaita kwa sauti yake ile nzito. "Kidawa, mjukuu wangu, toka! Ni mimi, babu Fundi! Sikudai kitu, toka, mwanangu!"

Kimya. Paa linapasuka.

"Kidawa! Itika!"

Mwantumu akamrukia, akamziba mdomo kwa viganja viwili. "Nyamaza! Fundi, nyamaza, kwa jina la Mungu! Ukiita wewe hatoki!"

Yule mzee akanyamaza, macho yamemtoka. Na watu wote wakanyamaza, mpaka ikasikika sauti ya moto peke yake. Mwantumu akainama, akatia kanga mdomoni, akaingia kwa magoti.

Bibi yangu alikuwa amesimama pale na kopo la maji. Aliniambia hajawahi kuona muda unakataa kupita vile. Kipande cha paa kikaanguka ndani, cheche zikatoka mlangoni, wanawake wakapiga yowe. Fundi akataka kuingia, wakamshika. Akawa anapigana nao.

Kisha tukaona, nasema tukaona utadhani nilikuwapo, waliona mgongo wa Mwantumu unatoka kinyumenyume. Anaburuta mtoto kwa miguu. Alikuwa amemkuta mvunguni mwa kitanda, amejisukumiza mpaka ukutani kabisa, amejikunja, viganja vyake vyote viwili viko mdomoni, amejiziba mwenyewe. Mtoto alipewa maji, akapepewa, akatikiswa. Hakuna. Bi Mgeni akaanza kusema "Inna lillahi," na Mwantumu akamkemea, "Usiseme! Usiliseme hilo!" Akampindua mtoto, akampiga mgongoni, akampiga tena, na Kidawa akakohoa. Akatapika uji na masizi, akavuta pumzi, akafumbua macho, akamwona mama yake.

"Mama," akasema, sauti haitoki vizuri. "Amekuja Fundi. Ameita sana. Mimi sikusema hata kidogo."

Akangoja asifiwe.

Mwantumu alimkumbatia, akalia kilio ambacho watu walisema hata msibani hawakuwahi kukisikia. Fundi Mbaruku akakaa chini mchangani, akaviweka vidole vyake vilivyoungua mapajani, akalia pia. Nyumba ikaungua mpaka kuta. Kitanda kikaenda, kasha likaenda. Mlango ulibaki umesimama kwenye fremu yake, mweusi upande mmoja, na komeo lake nje.

Jioni yake Fundi akaja na watu, akang'oa lile komeo mbele ya wote. Akasema, "Mwantumu, sikudai. Nisamehe."

Mwantumu akamjibu, "Komeo uliweka wewe, kimya nilikiweka mimi. Tusameheane."

Na Fundi akaapa kwamba mkopo basi. Anayetaka mlango alete mpunga wote. Akazunguka mji, akang'oa makomeo ya nje yote, na watu wakamsifu.

Mnafikiri hadithi imekwisha hapo? Ingekuwa tamu, eh? Waliojenga upya baada ya moto walikuwa hawana kitu. Nyumba zao zikarudi kwenye makuti, na fisi hawakuwa wamehama. Mwezi haukwisha vizuri mbuzi wakaanza kuliwa, kisha mzee mmoja akang'atwa mguu kitandani mwake. Walewale waliomsifu Fundi wakaenda kukaa kwenye kizingiti cha karakana yake. "Fundi, tupe milango. Tutalipa polepole." "Na sharti je? Bila komeo mtanilipa?" Walijijua. Wakasema, "Weka komeo lako."

Hivyo mkopo ukarudi. Ila Fundi Mbaruku, mpaka anakufa, hakukomea tena nyumba bila kumtanguliza mwanamke wa jirani aingie, apekue mpaka mvunguni. Na watu wakafika karakanani wakiwa na swali jipya, wanauliza sharti kwanza, bei baadaye.

Sufiani alirudi, ndiyo, na fedha kidogo na kichwa chini. Wakajenga. Miaka ikapita, na siku moja bibi arusi mmoja wa mtaani, Riziki, akiwa na mimba yake ya kwanza, akaenda kwa Mwantumu. Alimkuta anamsuka Kidawa, ambaye sasa amekuwa msichana mkubwa, sauti yake ya kukwaruza tangu siku ile ya moshi.

"Shangazi," Riziki akasema, "mume wangu anataka tuchukue mlango kwa Fundi, wa kulipa polepole. Nimekuja kwako wewe kwa sababu wewe unajua. Nichukue au nisichukue?"

Alitegemea Mwantumu aseme, ole wako, usithubutu. Hata mimi nilipoelezwa nilitegemea hivyo. Mwantumu akaweka kitana chini.

"Fisi wanakuja kwenu?"

"Wanakuja, shangazi. Silali."

"Basi chukua. Mimi mlango ule ulinipa usingizi, na mwanangu hakuliwa. Siwezi kusema uongo. Lakini chukua mlango, usichukue na kitanda. Siku ukikosa cha kulipa, usijifiche. Toka nje, itika hodi, piga magoti ukibidi, uwaambie na jirani zako. Na mtoto wako akizaliwa, usimfundishe kunyamaza."

Riziki akaitikia kwa kichwa. Akainuka kwenda, na Mwantumu akamwita tena kutoka barazani, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, na ndiyo maana neno lile halikupotea mpaka leo.

"Na usingizi ukikujia, mwanangu, lala, ila usisahau uko nyumba ya nani. Mlango wa mkopo, komeo li nje."